ARTHUR ASHE: BINGWA ALIYEKUBALI KUFUNZWA UPYA

Msomaji mpendwa, ukiwauliza wanafunzi wa shule hii wakutajie wachezaji watano wa kandanda, utatajiwa kumi kabla hujafunga mdomo. Waulize juu ya mbio, nao wataanza na Kipchoge Keino wakushukie hadi wa leo. Lakini hebu waulize juu ya tenisi uone watu wanavyotazamana! Wengi watakwambia huo ni mchezo wa wenye pesa, wa klabu zenye ua mrefu na mlinzi langoni. Mimi siwalaumu. Shule yetu ni ya kutwa, uwanja wa tenisi hatuna, na hata ule wa kandanda tunagawana na ng'ombe wa majirani. Hata hivyo nimeona vyema katika toleo hili nisimulie maisha ya mtu ambaye naye alikulia nje ya ua, lango likiwa limefungwa mbele ya uso wake kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Mtu huyo ni Arthur Ashe. Nitasimulia alivyofundishwa tenisi, alivyoicheza, na alivyowafundisha wengine. Nina hakika hata asiyewahi kushika raketi atapata la kubeba.

Arthur Robert Ashe alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, huko Marekani. Siku zile Virginia ilikuwa na sheria za kuwatenga watu weusi. Mtoto mweusi alikuwa na shule yake na Mzungu yake, kiti chake ndani ya basi na Mzungu chake, hata bustani za kuchezea zilikuwa mbali mbali. Baba yake, mzee Arthur Ashe, alikuwa mlinzi na mtunzaji wa bustani ya watu weusi iliyoitwa Brook Field, na familia ikaishi katika nyumba iliyokuwa ndani ya bustani hiyo hiyo. Kwa hiyo wenzake walipokuwa wakisafiri kwenda kucheza, yeye alifungua mlango tu akakuta mbele yake kidimbwi cha kuogelea, uwanja wa mpira na viwanja vya tenisi. Mungu hakunyimi vyote.

Lakini raha haikudumu. Mwaka wa 1950, Arthur akiwa na miaka sita tu, mama yake, Mattie, aliaga dunia akiwa kijana bado. Baba akabaki na wavulana wawili, Arthur na mdogo wake Johnnie. Mzee huyu hakuwa na mchezo na malezi. Alipima muda wa kutembea kutoka shuleni hadi nyumbani, na muda huo ukipita mtoto hajafika, kuna kujieleza. Alimkataza Arthur kucheza mpira wa Kimarekani, ule wa kugongana vifua, kwa vile kijana alikuwa mwembamba kama unyasi. Basi mtoto akageukia vitabu na tenisi.

Mwalimu wake wa kwanza hakuwa mwalimu wa kulipwa. Alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyeitwa Ron Charity, aliyekuja Brook Field kufanya mazoezi. Charity mwenyewe alijifundisha tenisi kwa kusoma vitabu na kujaribu, akawa mmoja wa wachezaji bora weusi wa Richmond. Alimwona yule mtoto amekaa kando akimkodolea macho kila siku, akamwuliza kama angependa kujifunza. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Tuseme kidogo habari ya anayeanza. Mwalimu wa tenisi hamwambii mwanafunzi apige kwa nguvu. Kwanza humfundisha kushika raketi, na njia rahisi ni kuishika kana kwamba unaisalimia kwa mkono. Pili humfundisha kusimama: usiukabili mpira kifua wazi kama golikipa, bali geuza bega moja lielekee wavuni. Tatu, rudisha raketi nyuma mapema kabla mpira haujafika, uupige ukiwa mbele yako kidogo wala si ukishakupita, halafu uiache raketi iendelee na safari yake hadi juu ya bega la pili. Anayekatiza pigo katikati, mpira wake huishia wavuni. Ukipiga kwa upande wa kiganja, hilo ni pigo la mbele. Ukipiga kwa upande wa pili, mgongo wa mkono ukielekea wavuni, hilo ni pigo la nyuma, nalo huwatoa jasho wanaoanza. Kisha kuna pigo la kuanzisha mchezo, yaani sevu, ambapo unaurusha mpira juu mwenyewe na kuupiga ukiwa hewani. Haya yote huonekana madogo, lakini ukiyakosea mwanzoni, mkono huyazoea makosa na kuyatoa ni kama kung'oa kisiki.

Arthur alishika haraka. Lakini Richmond ilikuwa na mwisho wake. Viwanja vizuri vya Byrd Park vilikuwa vya Wazungu tu, na mashindano ya watoto yaliyofanyika huko hayakumhusu mtoto mweusi hata angekuwa hodari namna gani. Charity alipoona mwanafunzi anakaribia kumpita, hakuona wivu wala hakumng'ang'ania. Mwaka wa 1953 alimpeleka kwa mtu aliyejua zaidi, Daktari Robert Walter Johnson wa mji wa Lynchburg, jimbo lile lile.

Daktari Johnson alikuwa daktari wa watu hasa, wa sindano na dawa, lakini alipenda tenisi kupita kiasi. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na uwanja, na kila likizo ya kiangazi aliwakusanya watoto weusi wenye kipaji akawalisha, akawalaza na kuwafundisha, gharama nyingi akizibeba mwenyewe. Ndiye aliyemsaidia Althea Gibson, ambaye mwaka wa 1957 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja kule Wimbledon, Uingereza. Arthur alipofika alikuwa na miaka kumi, mdogo kuliko wote, na kazi za mdogo zikawa zake. Watoto pale walipalilia bustani ya maua, wakasafisha kibanda cha mbwa, wakatandika vitanda, kisha tenisi tangu asubuhi hadi jioni. Walipiga mpira ukutani mara nyingi sana. Wakati mwingine walipewa mpini wa ufagio badala ya raketi, wajaribu kuupiga mpira kwa kijiti hicho chembamba. Aliyeweza kuukaza macho mpira hadi akaugonga kwa mpini, akipewa raketi huiona pana kama ungo!

Sasa hapa ndipo pana kisa ninachotaka ukishike sana, msomaji. Siku za kwanza tu kukazuka ubishi. Mtoto wa Daktari, aliyekuwa akisaidia kufundisha, alimwelekeza Arthur abadilishe namna ya kushika raketi na ya kupiga. Arthur akakataa. Alisema Charity alimfundisha vingine, na Charity ndiye mwalimu wake. Akaelekezwa tena, akakataa tena. Wewe ungefanyaje? Mtoto wa miaka kumi, yuko ugenini, mama hana, na mtu aliyemfungulia mlango wa tenisi anaambiwa hakumfundisha sawa. Mimi namwelewa. Kwake kubadilisha mkono kulikuwa kama kumsaliti mwalimu wa kwanza.

Daktari hakumchapa wala hakumfokea. Alichukua simu akampigia mzee Ashe. Mzee akawasha gari, akasafiri zaidi ya kilomita 150 kutoka Richmond hadi Lynchburg. Alipofika, alimsikiliza mwanawe, kisha akamweleza kwa maneno machache kwamba tangu siku ile anayefundisha ni Daktari, na asemalo Daktari ndilo. Akageuza gari akarudi. Basi. Arthur hakubisha tena. Alibadilisha mkono, akaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kushika raketi, na kwa siku kadhaa mipira aliyokuwa akiipata zamani sasa ikamshinda. Anayejifunza upya lazima kwanza awe mbaya kuliko alivyokuwa. Hilo ndilo linalotushinda wengi. Tukipewa njia mpya ya kukokotoa hesabu tunairudia ile ya zamani kwa kuwa tumeizoea, ingawa yatupa sifuri kila mtihani. Arthur aliivumilia aibu hiyo, na kila kiangazi akarudi Lynchburg hadi mwaka wa 1960.

Daktari alikuwa na masharti mengine ambayo yameleta mjadala mkali. Katika mashindano ya vijana mara nyingi hakuna refa, kila mchezaji huamua mwenyewe mipira inayotua upande wake. Daktari aliwaamuru watoto wake kwamba mpira wa mpinzani ukitua nje kidogo tu ya mstari, wauhesabu kuwa umeingia na waucheze. Wakati wa kubadilishana pande, wao ndio waokote mipira na kumkabidhi mpinzani. Wasirushe raketi, wasibishane, wasinune. Nilipolisimulia jambo hili katika kikao cha Chama cha Kiswahili, mwenzetu mmoja wa Fomu ya Pili alisimama akasema huo ni uoga mtupu, ati kwa nini mtu mweusi azidi kuinama? Wengine walipiga makofi. Ni swali zuri na halijibiwi kwa kupuuzwa.

Nionavyo mimi, tukumbuke Daktari alikuwa anatafuta nini. Waliosimamia mashindano ya Wazungu walikuwa wakitafuta kisingizio chochote cha kuwafukuza watoto wake. Mtoto mmoja mweusi akigombana juu ya mpira mmoja, kesho yake lango lingefungwa kwa watoto weusi wote. Basi Daktari akawanyima kisingizio. Aliutoa mpira mmoja ili aupate uwanja mzima. Hiyo, kwa maoni yangu, haikuwa kuinama, ilikuwa mbinu. Lakini pia mwenzetu wa Fomu ya Pili hakukosea kabisa, kwani haikuwa haki mtoto wa miaka kumi abebe mzigo wa watu wote kwenye raketi yake. Yote mawili ni kweli, na Arthur aliyabeba yote mawili. Watu walimsifu kwa utulivu wake maisha yake yote bila kujua ulivyomgharimu.

Tuendelee na safari. Majira ya baridi viwanja vya ndani vya Richmond havikumruhusu, kwa hiyo mwaka wake wa mwisho wa sekondari alihamia mji wa St. Louis, akakaa kwa mwalimu mmoja aliyekuwa rafiki wa Daktari. Mwaka wa 1961 alipata nafasi ya kusoma bure katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa sababu ya tenisi. Mwaka wa 1963 akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika timu ya Marekani ya Kombe la Davis, ambalo ndilo mashindano ya timu za mataifa. Mwaka wa 1965 alishinda ubingwa wa vyuo vikuu vya nchi nzima, na mwaka uliofuata akahitimu digrii ya mambo ya biashara. Wale wanaoacha vitabu kwa sababu wanajua kupiga chenga, sijui wanalisikia hilo?

Baada ya chuo aliingia jeshini, akawa luteni. Alikuwa bado askari mwaka wa 1968 alipocheza mashindano ya wazi ya Marekani kule Forest Hills, New York, yaliyowakutanisha wachezaji wa kulipwa na wasiolipwa kwa mara ya kwanza. Fainali ilikuwa tarehe 9 Septemba dhidi ya Tom Okker wa Uholanzi. Seti tano za kufa kupona! Arthur alishinda 14–12, 5–7, 6–3, 3–6, 6–3. Sevu zake 26 zilipita bila kuguswa kabisa na mpinzani. Yeye hakuwa mchezaji wa kulipwa, kwa hiyo zawadi ya dola 14,000 ilimwendea Okker aliyeshindwa, na bingwa akaondoka na posho ya dola 20 kwa siku. Lakini mzee Ashe aliletwa uwanjani wakati wa kupokea kombe, naye akalia machozi mbele ya watu. Mlinzi wa bustani ya watu weusi amesimama katikati ya uwanja, mwanawe ni bingwa. Fedha gani ingenunua hilo?

Mwaka wa 1970 alichukua ubingwa wa Australia. Wakati huo huo alikuwa akiomba ruhusa ya kucheza Afrika Kusini, na serikali ya ubaguzi ikawa inamkatalia. Hatimaye mwaka wa 1973 ikamruhusu. Alitoa sharti kwamba watazamaji wasitengwe kwa rangi. Alishindwa fainali ya mchezaji mmoja mmoja, lakini akashinda ile ya wawili wawili akishirikiana na yule yule Okker wa 1968. Wapo waliomlaumu kwa kwenda, wakisema alikuwa anawapamba wabaguzi. Yeye aliona afadhali watoto weusi wa kule wamwone kwa macho mtu mweusi anayesimama huru. Baadaye alisaidia kituo cha tenisi kijengwe Soweto, na mwaka wa 1985 alikamatwa na polisi mjini Washington akiandamana nje ya ubalozi wa Afrika Kusini. Kwa hiyo anayesema Arthur alikuwa mtu wa kunyamaza tu hajaisoma habari yake hadi mwisho.

Sasa njoo tufike Wimbledon, tarehe 5 Julai 1975, kwani hapa pana somo la mbinu ambalo walimu wa tenisi bado hulitumia. Fainali ilimkutanisha Arthur, aliyebakiza siku tano kutimiza miaka 32, na Jimmy Connors, kijana wa miaka 22. Connors alikuwa bingwa mtetezi na hakuwa amepoteza hata seti moja katika mashindano yale. Walikuwa wamekutana mara tatu kabla, na mara zote tatu Connors alishinda. Juu ya hayo hawakuwa wakipatana, kulikuwa na kesi za mahakamani baina ya kijana huyo na chama cha wachezaji ambacho Arthur alikiongoza. Watu walikuja kuona mzee akichinjwa.

Arthur alikuwa mpigaji wa nguvu. Tangu ujana alipenda kuuchapa mpira kwa kasi, na kwa kasi hiyo ndiyo alishinda Forest Hills. Lakini Connors alikula kasi kama chakula. Mpira unaokuja kwa kasi, ukiukinga tu vizuri hurudi kwa kasi ile ile, kwa hiyo kadiri unavyompiga ndivyo unavyomsaidia kukupiga. Jioni ya kabla ya fainali Arthur alikaa na rafiki zake wakalipanga jambo. Uamuzi ulikuwa mgumu: aache mchezo wake anaoupenda, acheze mchezo asioupenda.

Hebu tuutazame mpango huo, kwa maana hata anayeanza anaweza kuuelewa. Kwanza, ampe Connors mipira ya polepole isiyo na uzito. Mpira wa namna hiyo ni kama mpira wa matambara: ukitaka uende lazima uongeze nguvu zako mwenyewe, na anayeongeza nguvu kwa pupa huukosea. Pili, mipira hiyo ije chini, karibu na nyasi, upande wa pigo lake la mbele, ambalo halikupenda mipira ya chini. Tatu, Connors alitumia mkono wa kushoto na pigo lake la nyuma alilipiga kwa mikono miwili. Mikono miwili ina nguvu lakini haifiki mbali. Kwa hiyo sevu ikatwe ipinde kwenda nje kabisa ya uwanja, imvute hadi pembeni, pabaki uwazi upande wa pili. Nne, akikimbilia wavuni, mpira uinuliwe juu ya kichwa chake ukatue nyuma yake.

Siku ya siku Arthur alitimiza kila alilolipanga. Watu hawakuamini macho yao. Seti ya kwanza 6–1. Seti ya pili 6–1. Connors akauchapa mpira wavuni, akauchapa nje, akajipigia kelele. Kila walipopumzika, Arthur alikaa kwenye kiti akafumba macho kimya, utadhani yuko msikitini au kanisani. Kisha Connors akazinduka. Akashinda seti ya tatu 7–5, na katika ya nne akatangulia 3–0. Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipokuja. Mtu yeyote akibanwa hukimbilia tabia yake ya zamani, na tabia ya Arthur ilikuwa kuchapa. Hakuchapa. Alishikilia mpango ule ule, polepole, chini, pembeni, juu, hadi Connors akachoka. Seti ya nne ikaisha 6–4, na Arthur Ashe akawa mwanamume mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Wimbledon.

Msomaji, unakumbuka mtoto wa miaka kumi aliyekataa kubadilisha namna ya kushika raketi? Mimi naona fainali ile ilishindwa Lynchburg mwaka wa 1953, siku mzee Ashe alipogeuza gari. Mtu ambaye hajawahi kufunzwa upya utotoni, angewezaje kujifunza mchezo mpya usiku mmoja akiwa na miaka 31?

Naye alichopewa hakukificha mvunguni. Mwaka wa 1969, pamoja na wenzake Charlie Pasarell na Sheridan Snyder, alianzisha mpango wa kuwapelekea tenisi watoto wa mijini ambao wazazi wao hawakuweza kulipia klabu, ukiwaunganisha mchezo na masomo. Mwaka wa 1971, akizuru Kamerun, alimwona mjini Yaoundé mvulana mdogo anayecheza vizuri ajabu. Alimpa raketi, kisha akampigia simu kiongozi wa tenisi wa Ufaransa kumweleza habari zake. Mvulana alipelekwa Ufaransa akafundishwa. Jina lake ni Yannick Noah, na mwaka wa 1983 alikuwa bingwa wa Ufaransa. Charity alimpeleka Arthur kwa Daktari. Arthur akampeleka Noah kwa Wafaransa. Mwalimu mwema hujua mahali elimu yake inapokoma, akamkabidhi mwanafunzi kwa mwingine.

Mwezi wa Julai 1979, akiwa anawafundisha watu tenisi mjini New York, alishikwa na ugonjwa wa moyo. Alipasuliwa mwaka huo huo, na mwaka wa 1980 akastaafu kucheza. Alikuwa kapteni wa timu ya Marekani ya Kombe la Davis tangu 1981 hadi 1985, nao wakalichukua kombe mwaka wa 1981 na 1982. Mwaka wa 1983 alipasuliwa moyo mara ya pili na kuongezewa damu. Siku hizo damu ya hospitali ilikuwa haijaanza kupimwa virusi vya Ukimwi, upimaji ulianza Marekani mwaka wa 1985. Damu ile ilikuwa na virusi. Alikuja kulijua hilo mwaka wa 1988, mkono wake wa kulia ulipokataa kufanya kazi na madaktari wakampima. Mkono ule ule wa raketi, jamani!

Mwaka huo huo wa 1988 alitoa vitabu vitatu vya historia ya wanamichezo weusi wa Marekani, kazi iliyomchukua miaka. Ugonjwa aliuweka siri, yeye na mkewe Jeanne, kwa ajili ya binti yao mdogo Camera. Lakini gazeti moja lilipata fununu, na tarehe 8 Aprili 1992 akalazimika kuwaita waandishi na kusema mwenyewe. Alipofika kumtaja binti yake, sauti ilimkatika, mkewe akaendelea kusoma badala yake. Wakati ule mtu mwenye Ukimwi alinyoshewa vidole na hata ndugu zake. Arthur, ambaye hakutaka siri itoke, ikishatoka aliitumia. Alianzisha mfuko wa kupigana na ugonjwa huo, na tarehe 1 Desemba 1992 akazungumza katika Umoja wa Mataifa juu yake. Alikuwa amebadilisha mkono tena, safari hii ya mwisho.

Aliaga dunia tarehe 6 Februari 1993 mjini New York, akiwa na miaka 49. Dawa zinazowawezesha watu leo kuishi miaka mingi na virusi zilianza kutumika miaka michache tu baadaye. Alizikwa Richmond, mji uliomfungia viwanja. Mwaka wa 1996 mji huo huo ulimsimamishia sanamu katika barabara iliyokuwa na sanamu za majenerali waliopigania utumwa. Miaka ya 2020 na 2021 sanamu za majenerali hao ziling'olewa. Ya Arthur imebaki. Kule New York, uwanja mkubwa kuliko yote ya tenisi duniani, uliofunguliwa mwaka wa 1997, unaitwa kwa jina lake.

Ndugu msomaji, sisi raketi hatuna. Lakini ukuta wa maabara upo, mpira wa zamani haukosekani, na kipande cha ubao kinatosha kuanzia. Na hata usipotaka tenisi kabisa, ipo siku mwalimu atakwambia unashika vibaya kalamu, jembe, bomba la sindano au usukani. Utaona uchungu, na mipira uliyokuwa ukiipata itakushinda kwa siku kadhaa. Siku hiyo mkumbuke mvulana wa Lynchburg. Na ile sanamu yake ukipata picha yake itazame vizuri: imezungukwa na watoto, mkono mmoja ameshika raketi, na mkono wa pili vitabu.